Ukame Hauna Macho, Lakini Unajua Boma ya Kuingia

Leo hatubongi kuhusu nani ameachana na nani. Leo ni stori ya profesa mmoja, na usihepe, juu iko karibu na maisha yako kuliko unavyodhani. Hasa ka umelelewa Dallas. Na sisemi ile Dallas ya Texas. Nasema Dallas ya Embu, hapa kwa mabati, mahali mvua ikianza usiku mathe anainua godoro kabla hata ya kuwasha taa.

Nianze na yangu ndio tuelewane. Mwaka wa 2022 nilikuwa campo, mwaka wa pili, nasoma sosiolojia. Karo yangu ilikuwa inatoka kwa mbuzi. Si mchezo. Shosh anaishi Mbeere, kule chini, na mpango wetu ulikuwa rahisi: semesta ikifungua shosh anauza mbuzi wawili watatu, mathe anaongezea ya vibarua, mimi nalipa, maisha yanasonga. Halafu mvua ikakataa. Ikakataa tena. Kufikia hapo mbuzi walikuwa mifupa inayotembea, na kila boma ilikuwa inapeleka wake sokoni siku moja. Mbuzi wa elfu sita akaenda na elfu mbili. Wakati huo huo unga wa kilo mbili ulikuwa umepita mia mbili. Shosh akauza karibu wote, akanunua chakula, doh ikaisha. Mimi nikafunga begi nikarudi Dallas.

Mtaani wakasema kichwa yangu ilikataa kusoma. Wengine wakasema ni kazi ya Mungu, ukame huja tu. Nami kwa muda nikaamini zote mbili. Kilichonitoa hapo ni noti nilizorudi nazo kwa begi. Nilikuwa nazisoma usiku nikikosa usingizi, na ndani kulikuwa na jina moja lililorudi rudi: Philip Mbithi.

Mbithi ni nani?

Philip Mbithi ni mtu wa Ukambani, na kule njaa si kitu cha kusikia kwa redio. Wakamba huipa njaa jina kama vile wewe unavyompa mtoto. Kuna moja ya miaka ya 80 waliyoiita Nikw'a Ngwete, yaani nakufa nikiwa nimeshika. Umeshika nini? Pesa. Pesa iko mkononi na chakula cha kununua hakuna. Ukifikiria hiyo jina poa, ni somo zima la uchumi kwa maneno mawili.

Mbithi aliingia kwa sosiolojia wakati Kenya ilikuwa bado changa. Mwishoni mwa miaka ya 60 tayari alikuwa anaandika kuhusu wakulima wa sehemu kame za mashariki mwa Kenya, na venye njaa inawafanya wakubali au wakatae mimea mipya. Akawa mwalimu Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka wa 1974 akatoa kitabu cha sosiolojia ya mashambani Kenya. Mwaka wa 1975, yeye na Carolyn Barnes wakatoa kingine kuhusu watu wanaohama na kujijengea mahali hawana cheti, yaani masquota. Mwaka wa 1977, yeye na Rasmus Rasmusson wakatoa kitabu kuhusu Harambee.

Ukiangalia juu juu unaweza kusema hizo ni mada tofauti: njaa, masquota, Harambee. Lakini swali lake lilikuwa moja tu. Mambo yakiharibika, mbona yanaharibikia watu wale wale?

Mlima mmoja, bahati mbili

Mwanzoni mwa miaka ya 70 ukame uliipiga sana Kenya, na mashariki ikaumia. Mbithi akashikana na mlami mmoja kutoka Marekani, mwanajiografia Ben Wisner. Mwaka wa 1972 wakaandika pamoja, kupitia Taasisi ya Masomo ya Maendeleo pale Chuo Kikuu cha Nairobi, kuhusu ukubwa wa ukame na njaa Kenya, na dawa zilizokuwa zimejaribiwa. Miaka miwili baadaye kazi yao kuhusu mashariki mwa Kenya ikaingia kwa kitabu cha dunia nzima kuhusu majanga.

Ka umewahi kushuka na mathree kutoka Manyatta hadi Kiritiri, umeshaona picha yenyewe. Juu, karibu na msitu wa Mlima Kenya, ni majani chai na ng'ombe wa maziwa. Ukishuka kidogo ni kahawa. Ukipita Embu mjini hewa inabadilika, miti inakuwa ya miiba, na ukifika Siakago, Kiritiri au Ishiara ni ndengu, kunde, mtama, mbuzi na muguka. Upande wa Meru ni hivyo hivyo: Imenti juu ni kijani, Tharaka chini jua linachapa. Mlima ni mmoja na wote wanauona asubuhi. Lakini ukame ukija, wa juu anapunguza maziwa kwa chai, wa chini anapunguza idadi ya milo.

Msee wa haraka atakwambia ni mvua tu, juu inanyesha na chini hainyeshi. Wisner akasema hapana, angalia tena. Mwaka wa 1976 aliandika kwamba njaa ya mashariki mwa Kenya imetengenezwa na binadamu. Watu wa sehemu kame hawakuwa wajinga. Walikuwa na mbinu zao: shamba hapa na shamba pale, mifugo inayohama ikifuata majani, nafaka ghalani, undugu na biashara na watu wa juu. Halafu ukoloni ukaleta mipaka, ukaleta kodi inayotaka pesa taslimu, vijana wakatoka kwenda vibarua. Shamba likapewa mazao ya kuuza. Baada ya uhuru vyeti vya ardhi vikafika, na si kila mtu alibaki na kipande cha maana. Mwenye doh akashika pazuri. Maskini akasukumwa chini, mahali pakavu zaidi, na mbinu za zamani zikiwa zimekatwa moja moja. Hapo ndipo mvua ikakosekana. Ukame ulipata watu wakiwa tayari wameshavuliwa shati.

Na cheki hii. Mto Tana unapita hapo hapo chini Mbeere. Bwawa la Kindaruma lilianza kutoa stima 1968, Kamburu 1974, Masinga likaja 1981. Maji ya kuwasha taa za Nairobi unayaona kwa macho, na bado kuna mathe anabeba mtungi kilomita na kilomita. Hapo huwezi kusema shida ni ukosefu wa maji tu. Uliza ni maji ya nani.

Hata leo Embu, Meru na Tharaka Nithi ziko kwa ile orodha ya kaunti 23 kame zinazochungwa na NDMA, mamlaka ya ukame iliyoundwa 2011. Mse wa Nairobi akisikia Embu anafikiria majani chai tu. Hajui kuna Embu mbili.

Hesabu yenyewe

Sasa nikushow hesabu iliyonifungua macho. Tishio ni kitu kimoja, janga ni kitu kingine. Mafuriko yakipita mahali hakuna mtu, hayo ni maji tu. Ili liwe janga, lazima tishio likutane na watu waliokaa pabaya. Na kukaa pabaya hakuanguki kutoka mbinguni.

Februari 1976 tetemeko la ardhi liliua watu karibu 23,000 kule Guatemala. Wengi walikuwa maskini, wakulima wa milimani kwa nyumba za udongo na watu wa mabondeni pale jijini. Wadosi kwa nyumba imara walitikiswa, wakaamka, wakaendelea. Watu wakaliita tetemeko la kitabaka. Aprili mwaka huo huo, Wisner na wenzake Phil O'Keefe na Ken Westgate wakaandika kwa jarida la Nature kwamba tuache kuyaita majanga haya ya asili. Mwaka wa 1994, Wisner, Piers Blaikie, Terry Cannon na Ian Davis wakaandika kitabu, At Risk, na kuipanga hiyo fikra kwa ngazi tatu.

Ngazi ya kwanza ni mizizi: nani ana ardhi, nani ana nguvu, nani akiongea anasikizwa. Ya pili ni presha inayotoka kwa hiyo mizizi: watu kujaa mjini haraka, bei kupanda, huduma kutofika. Ya tatu ni mahali mizizi na presha zinakuweka wewe: keja ya mabati kando ya mtaro, au boma ya mbuzi bila soko la uhakika. Ngazi zote tatu zinakusukuma upande mmoja. Upande wa pili inakuja mvua au ukame. Unabanwa katikati. Hapo kwa kubanwa ndio janga.

Chukua hesabu hiyo uiweke kwa mbuzi wa shosh. Tishio: mvua imekosekana. Ngazi ya tatu: hana maji ya kunyunyiza, hana pa kuuza ila soko ambalo kila mtu anauza siku hiyo. Ya pili: unga unapanda wakati mbuzi anashuka. Ya kwanza: ardhi kavu ndio iliyobaki kwa watu kama sisi. Matokeo: mwanafunzi mmoja amerudi Dallas. Niambie, hapo kichwa yangu imeingia wapi?

Au chukua Mai Mahiu. Alfajiri ya Aprili 29, 2024, maji yalibomoka yakateremka na kuua zaidi ya watu 45 wakiwa wamelala. Serikali yenyewe ilisema maji yalikuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli, mahali pa kupitishia maji pakiwa pameziba. Mvua ni ya Mungu, sawa. Tuta na mtaro ni vya binadamu. Msimu huo mafuriko yaliua karibu watu 300 nchi nzima. Halafu tingatinga zikaingia Mathare na Mukuru kubomoa nyumba za kando ya mto, watu wakaambiwa ni kwa usalama wao. Lakini Mbithi na Barnes walikuwa wameandika 1975 kuhusu watu wanaojenga mahali pasipo pao. Hawaamki siku moja na kupenda kukaa kando ya maji machafu. Wamekosa ardhi kwao, wakafuata kazi, wakakaa pale mfuko ulifika. Ukibomoa bila kuwapa pa kwenda, umehamisha tu janga kutoka mto huu hadi mto ule.

Jirani ni dawa, lakini si hospitali

Usidhani maskini wote wanaumia sawa. Julai 1995 joto kali lilipiga mji wa Chicago, na wakafa watu 739 zaidi ya kawaida. Mwanasosiolojia Eric Klinenberg alichimba hiyo stori akaandika kitabu mwaka wa 2002. Aliangalia mitaa miwili inayopakana, yote ya masufferer. Kwa mmoja, North Lawndale, maduka yalikuwa yamefungwa na watu wamehama, wazee wakajifungia ndani wakiogopa kutoka. Walikufa wengi. Kwa jirani yake, South Lawndale, barabara zilikuwa zimejaa maduka na watu, mzee akitoka anapata kivuli, salamu na mtu wa kumjulia hali. Vifo vikawa vichache sana. Joto lile lile, umaskini unakaribiana. Tofauti kubwa ilikuwa ka kuna mtu atagonga mlango wako.

Hapo unaelewa mbona Mbithi alipoteza miaka yake kwa Harambee. Watu wa kijijini walikuwa wanachanga mbuzi, mayai, nguvu za mikono, wanajenga shule na kliniki bila kungoja Nairobi. Hiyo ni nguvu halisi. Hata sisi Dallas, maji yalipoingia kwa keja 2024, hakuna aliyengoja mtu wa ofisi. Vijana walibeba shosho wa ploti ya chini mgongoni, akina mathe wakapika sufuria moja, chama kikanunua godoro.

Lakini Harambee ina upande wake mchungu. Sehemu iliyo na watu wenye doh na jina kubwa inachanga zaidi na kuvutia zaidi, kwa hivyo walio mbele wanazidi kwenda mbele. Na wanasiasa walijua kuigeuza jukwaa la kurusha noti. Pia kuna vitu chama hakiwezi. Chama kinaweza kununua godoro. Hakiwezi kuchimba mtaro wa mtaa mzima, wala kuleta maji ya Tana hadi kwa boma ya shosh. Tukisifiwa kila saa ati tuko na roho ya kusaidiana, mara nyingine ni njia ya kutuambia tujisort.

Alipopanda ngazi

Mbithi hakubaki darasani. Mwaka wa 1985 akawa makamu mkuu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, enzi za Moi, miaka ya moto. Mwaka wa 1987 chama cha wanafunzi, SONU, kikapigwa marufuku na chuo kikafungwa. Mwaka wa 1991 akapanda tena, akawa Mkuu wa Utumishi wa Umma na Katibu wa Baraza la Mawaziri, kiti alichokalia hadi 1996. Yaani msee aliyetumia ujana wake kusoma venye wa chini wanasahauliwa na wa juu, sasa alikuwa kule juu kabisa, kwa meza yenyewe.

Je, Mbeere ikageuka? Tharaka ikapata maji? Mashimo ya kijamii aliyoyaandika 1972 yalizibwa? Wewe mwenyewe uliona 2022. Sisemi hivyo kumchoma. Nasema juu ni funzo: kujua shida vizuri na kukaa karibu na nguvu bado havitoshi, mtu mmoja akiwa ndani ya mashine ambayo mizizi yake ni ile ile. Vitabu vyake vimebaki na nguvu kuliko vyeo vyake. Vyeo havikuniambia mbona niliacha campo. Vitabu viliniambia.

Moshi wa mbali, mbuzi wa karibu

Kuna mwanasosiolojia wa Ujerumani, Ulrich Beck, aliyeandika 1986 kwamba dunia ya leo ina hatari mpya zinazovuka mipaka bila visa: miale ya nyuklia, uchafu wa hewa, hali ya anga. Mwaka huo huo kinu cha Chernobyl kikalipuka, kila mtu akaona yuko sawa. Wazo lake ni kwamba kwa hatari hizi, mwishowe hata tajiri hana pa kujificha.

Ni kweli, lakini nusu. Corona iliingia Kenya Machi 2020 na ikaua hata wakubwa. Ila amri zilikuwa nini? Kaa nyumbani, nawa mikono, usikaribiane. Sasa mwambie hivyo mtu wa keja ya kumi kwa kumi, watu sita, maji ya kununua kwa mtungi, na asipotoka leo halali na chakula. Ugonjwa ulikuwa mmoja. Kuwa nyumbani hakukuwa kumoja.

Na ule ukame ulionirudisha nyumbani? Pembe ya Afrika ilikosa mvua misimu mitano mfululizo kuanzia mwisho wa 2020. Kenya peke yake, zaidi ya watu milioni 4 walihitaji msaada wa chakula. Aprili 2023 wanasayansi wa World Weather Attribution wakasema joto lililoletwa na binadamu liliongeza uwezekano wa ukame kama huo angalau mara 100. Sisi Waafrika tunatoa sehemu ndogo sana ya huo moshi. Novemba 2022, kule Sharm el-Sheikh, nchi zikakubaliana kuwe na mfuko wa kulipia hasara kama hizo. Kukubaliana ni kitu kimoja. Pesa kufika Kiritiri ni kingine.

Kwa hivyo ule mlima wa Embu, wa juu na wa chini, umekuwa dunia nzima. Kuna nchi ziko juu kwa majani chai, na kuna nchi ziko chini na mbuzi.

Sasa tufanye nini?

Sina suluhisho la kukuuzia. Nina maswali matatu niliyotoa kwa hizo noti, na huwa nayauliza kila nikisikia habari za janga. Nani aliumia? Ni nini kilimweka pale? Na nani alifaidika yeye kuwa pale? Mtu akisema ni bahati mbaya tu, muulize mbona bahati mbaya inajua njia ya mtaa wenu na haijui ya kwake. Siku ya kikao cha bajeti ya kaunti, cha wananchi, enda uulize kuhusu mtaro na maji kwa jina la mtaa wako. Na jirani yako mzee, gonga mlango wake kabla mvua haijaanza.

Shosh ameanza tena na mbuzi wanne. Juzi amenipigia akaniuliza semesta inafungua lini. Nikamwambia bado napanga. Akasema, "Cucu wangu, panga haraka, mvua imenyesha." Kwake karo bado ni mambo ya mawingu, na kwa sasa ni kweli.

Kwenu mtaani, mvua ikinyesha, ni nani huwa wa kwanza kulowa? Na ukifuata hiyo stori nyuma hadi mwanzo, ni nani alimweka hapo?